Baba Asinyanyue Kitu

TANGAZO RASMI KWA WAKAZI WOTE WA NYUMBA HII. Kuanzia leo, kwa amri yangu, Baba hanyanyui kitu chochote kizito kuliko kikombe cha uji.

Mama, shikamoo. Uji wenyewe umeungua kidogo. Mkande Baba mgongo kwa maji ya moto. Dumu la maji abebe mdogo wangu Renatus, lakini akunje magoti, alisogeze karibu na kifua, ainuke kwa nguvu za miguu. Asiiname kama anayechuma maharage. Lile jiwe la kusagia ulilolitafuta liko chini ya kitanda changu.

Nimekwenda kambini, kwenye ujenzi wa ghala la wakimbizi, kumwomba msimamizi amhifadhie Baba nafasi yake mpaka Jumatatu. Vibarua wamejaa pale getini. Akikubali, nitachota maji ya zege badala yake. Nimechoka hata kabla sijafika.

~~Nitarudi saa kumi.~~ Nitarudi Baba akishalala.

Baba, asubuhi ulipoinua sanduku lako la zana, mgongo ukalia ka! Ukakaa chini ukasema, "Basi, Domi, uzee umeingia." Sikuweza kucheka. Mfuko wa simenti huwa unautikisa kwanza, unaupima uzito. Sanduku lako unalijua, ndiyo maana ulilikwapua kwa mkono mmoja.

Siyo uzee, Baba. Jiwe la Mama lilikuwa ndani. Nililiweka mimi, nione utakavyoshangaa.

Nimeona.

Binti yenu,
Domisiana