Chausiku wa Adhuhuri

Jumatano, 6 Mei 1953
Nimepepeta mchele. Nimefagia ua. Kutwa sijasikia jina langu. Mwanangu Salum ananiita mama, mkewe Zuhura vile vile, majirani Mama Salum. Tangu afe mume wangu hakuna aliyeniita Chausiku. Yeye aliniita toka barazani mpaka nikaudhika. Sasa natamani kuudhiwa.

Tumbo la Zuhura limeshuka. Akizaa wa kike, jina ni langu. Ndio mila yetu, mtoto wa kwanza huchukua jina la kuumeni.

Alhamisi, 7 Mei
Nimewakumbuka somo zangu, wenye jina kama langu. Nilipokuwa kigori, ukiita Chausiku hapa Mtoni wanaitika wasichana kila nyumba. Umezaliwa usiku, wewe Chausiku, basi. Tukatofautishwa kwa utani: Chausiku Mrefu, Chausiku Kisimani, na mie Chausiku Mdomo. Mrefu kafa. Wa Kisimani kaolewa Kigamboni, naye kafa. Wasichana wa siku hizi ni Leila na Suadi, majina ya kwenye santuri.

Jumamosi, 9 Mei
Wa kike. Kazaliwa adhuhuri, jua la utosi. Nimelia.

Jumatatu, 11 Mei
Shangazi yake Zuhura kaja na uji wa mzazi, na maneno yake juu.

"Kazaliwa jua kali, huyo Chausiku wa wapi? Hilo jina la vizee. Mwiteni Leila."

Zuhura kaanza kunywa uji. Salum kaangalia chini. Imenichoma. Sikula.

Ijumaa, 15 Mei
Siku ya saba. Mtoto kanyolewa. Shehe kauliza jina, Salum kajibu waziwazi mbele ya watu: "Chausiku." Shangazi mtu kabinua mdomo. Nimemwongezea pilau. Nimecheka peke yangu jikoni kama mwehu.

Jumanne, 26 Mei
Hawamwiti.

Zuhura hawezi kutaja jina la mama mkwe, ni kukosa adabu. Mtoto anamwita Bibi. Salum naye hawezi kulitamka jina la mzazi wake kavukavu, anamwita Mama. Majirani wamefuata. Bibi kanyonya? Bibi kalala? Wangenitaja ningekasirika. Mie mwenyewe sikulitaja jina la mama mkwe wangu mpaka anazikwa. Hayo yote nayajua, ila hamu ilinisahaulisha. Jina limepita kwa mtoto, na ua kimya vile vile. Nina upweke, sina pa kuupeleka.

Alhamisi, 28 Mei
Zuhura kaenda kuoga. Nimebaki na mtoto mkekani, anatazama dari. Nikawaza, katika nyumba hii mie tu sikatazwi.

"Chausiku."

Sauti ilinitoka ya kukwaruza. Kageuza kichwa. Nikamwita tena, polepole. Zuhura karudi, kasimama mlangoni na kanga yake mbichi, kainamisha macho. Nimeendelea kumwita.