Mkono Juu ya Breki

4 Februari

Shemeji yangu,

Hujambo huko? Wanangu hawajambo? Mimi mzima, isipokuwa masikio. Winchi inanguruma kichwani hata nikilala.

Usishtuke. Nimepata kazi kwenye mgodi uleule, shimo lilelile alimofia kaka, mumeo, na kwenye winchi ileile. Mimi ndiye ninayeshusha na kupandisha ndoo ya watu. Msimamizi bado ni yuleyule aliyetangaza kwamba kaka alilewa akaanguka mwenyewe. Hanijui, hapa naitwa Fundi Mpya tu. Yeye wanamwita Mzee Kesho, maana ukimwomba spea, jibu ni kesho.

Jana nilifungua breki. Vile viatu vinavyobana ngoma ya waya vimelika mpaka chuma kinaonekana. Nikamwomba vipya. Akasema kesho.

Na kila asubuhi, shemeji, yeye ndiye wa kwanza kushuka.

Shemeji yako,
Baba mdogo wa watoto

11 Februari

Shemeji,

Sisi wazima. Kifua chako je, na vumbi hilo la mawe?

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa. Unajua mwanangu mkubwa wanamwitaje shuleni? Mtoto wa mlevi. Kaka yako pombe hakuwahi hata kuionja! Nilipokwenda ofisini kwao, huyo Mzee Kesho alinicheka usoni.

Sasa Mungu amemtia mkononi mwako. Mwachie aende. Nani atauliza? Breki mbovu, na mwenyewe ndiye aliyekataa kununua. Sioni haya kuyaandika haya.

Nasubiri,
Shemeji yako

2 Machi

Shemeji,

Hujambo? Mbona kimya? Kila lori la mgodini likipita natoka nje kuuliza kama kuna msiba. Majirani wanadhani nakuhofia wewe.

Au umeshaanza kunywa naye chai? Niambie neno moja tu: yu hai?

Shemeji yako

19 Machi

Shemeji yangu,

Salamu kwako na kwa wanangu. Afya ninayo, kazi sina.

Juzi asubuhi zamu nzima ilikuwa imejipanga mdomoni mwa shimo. Mzee Kesho akaingia kwenye ndoo peke yake, kama kawaida yake. Nikamshusha kidogo, nikasimamisha. Akapiga kengele, nikauchuna. Nikalegeza breki, ndoo ikaporomoka, nikaikamata. Ungesikia yowe lake! Nikamwambia mimi ni mdogo wa nani. Nikamwambia, "Vile viatu vya kesho vimechoka leo. Sema kaka yangu alikufaje."

Akasema. Shimo lile lina mwangwi, kila mtu alisikia. Kaka hakuwa amelewa. Breki zilikuwa zimekwisha, bwana huyu alijua, akanyamaza, kisha akabuni habari ya ulevi. Alilia akimwita mama yake.

Nikampandisha juu.

Nikufiche nini? Breki zilikuwa nzima. Nilishafunga viatu nilivyovitoa kwenye winchi iliyokufa, wiki ileile niliyokuandikia mara ya kwanza, na sikumwambia mtu. Ndoo hiyo ndiyo inayoshusha zamu yote, na wengi wao wana wake na watoto. Yeye alichojua ni kwamba alikataa kununua. Basi nimefukuzwa, naye kasimamishwa kazi.

Nataka nije niwaone.

Shemeji yako,
Baba mdogo wa watoto

2 Aprili

Shemeji,

Sisi wazima, na wewe Mungu akupe nguvu.

Watu wa zamu walikuja kuniomba radhi, sebule ikajaa, wengine wakabaki mlangoni. Mwalimu wa mtoto naye alikuja. Lile jina haitwi tena. Niliwashukuru wote. Walipotoka nikafunga mlango, nikalia kwa hasira.

Kumbe siku zote zile nilizokuwa nikisubiri habari ya msiba, breki zilikuwa nzima, nawe ulijua. Uliniacha nimuue moyoni kila siku peke yangu.

Ulifanya sawa, sikatai. Wenzako wana wake na watoto. Lakini yule bwana leo atakula na mkewe, na ulikuwa na mkono juu ya breki, ukaikamata ndoo yake.

Usije. Watoto nitawaambia baba yao mdogo ni mtu mwema, na ni kweli. Mimi sitaki kukuona.

Mjane wa kaka yako