Mama Nuru na Kichanja Chetu

Shikamoo Bibi yangu,

Hapa Jipe ziwa linaanzia kwenye mafunjo na kuishia Kenya! Tumekuja na mwalimu kujaribisha kichanja cha kukaushia samaki, kile tulichokiunda shuleni Chome kwa fito na chandarua kikuukuu. Wateja wakikikataa, tunakibomoa na kuanza upya.

Mteja wetu, Mama Nuru, anauza samaki wakavu. Alitulisha ugali na sato, akakitazama kichanja, akasema, "Kizuri sana, wanangu." Nikafurahi mno, lakini mwalimu akatunong'oneza, "Huo ni ukarimu kwa wageni. Nyamazeni, mtazame anavyokitumia."

Tukanyamaza. Mama Nuru akaanza kupanga samaki, mlango wa kichanja, ule wa kufunua juu, ukawa unamwangukia mikononi kila mara.

"Huu mlango mmemtengenezea mtu mwenye mikono mitatu?" akauliza, akacheka. Mimi nilitaka kulia. Hata hivyo alimaliza kupanga. Nzi wakajaa juu ya chandarua, wasipate pa kuingilia, naye akasimama akiwatazama kwa muda mrefu.

Jioni tulipokwenda kukichukua, alituzuia. "Mnakipeleka wapi? Mlango rekebisheni hapahapa. Kichanja hakiondoki."

Bibi, vifundo vya fito zile nilivifunga mimi mwenyewe, na leo mtu nisiyemjua hataki kuachana navyo!

Nakuombea magoti yapate nafuu, na Mungu akulinde.

Mjukuu wako akupendaye,
Neema