Mgongo wa Saidi Hukuuvunja Wewe, Mama

Mama yangu,

Leo nimeamka kabla ya Baba, nikafagia uwanja, nikafua nguo zilizokwisha kufuliwa, na bado mikono inatafuta kazi. Ungekuwepo ungeniambia, "Somoe, kaa chini, unanitia kizunguzungu." Nina ujauzito wa miezi mitano, na tangu nirudi hapa Chilangala kwa likizo, usingizi naupata vipande vipande.

Unajua ninachokiogopa. Nilikuwa darasa la tatu Saidi alipozaliwa, mgongo wake haujafunga. Ulimlaza kifudifudi mapajani, ukimfukuzia nzi kwa ncha ya khanga. Hakumaliza mwezi. Kabla matanga hayajaanuliwa, Bibi, mama yake Baba, alisema mbele ya wanawake wote waliokaa mkekani: "Mama Somoe aliinama kuokota korosho mpaka mwezi wa mwisho. Kamvunja mtoto mgongo." Msimu uliofuata wewe ukawa unakwenda shambani jioni, wenzako wakishaondoka.

Maneno yale ndiyo yaliyonipeleka kusomea seli. Unakumbuka siku niliyokupigia simu ya video kutoka maabara, kule ng'ambo, nikakuonyesha skrini ya hadubini? Zilikuwa seli shina za kiinitete cha panya, zile za mwanzo kabisa, ambazo bado hazijawa jicho wala mfupa.

"Mbona hilo dude la katikati linatetemeka?" ukauliza.

Nikakueleza kuwa ni kiini, ndani yake mna maagizo ya mwili, na kwamba seli ina nyuzi nyembamba zinazokisukuma na kukivuta. Katika seli changa kama zile kiini ni laini, hakitulii. Tulipotia dawa ya kuvunja nyuzi, kilitulia. Sasa tunatafuta kujua kama msukosuko ule unaisaidia seli kuamua iwe nini.

Kisha ukasema, "Na mgongo wa Saidi?"

Nikakwambia ninachokijua. Mgongo hufunga mapema mno, mama wengi hata hawajajua kama wana mimba. Nyuzi za namna ileile hukaza seli, tabaka la seli hizo likajikunja mpaka kingo zikakutana. Wakati mwingine hazikutani. Kwa nini kwake, sijui. "Lakini siyo korosho, Mama. Msimu ulipoanza, lilikuwa limeshatokea."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Ukasema unakata simu, kuna mtu anapiga hodi. Nilijua hakuna mtu.

Ulifariki masika yaliyofuata. Baba anasema hukumgusia Bibi neno hata moja la simu ile.

Juzi nilikwenda Masasi kupiga utrasaundi. Daktari alipitisha mashine tumboni. Mimi ninayezijua nyuzi zile kwa majina, nilikuwa nauma khanga.

"Mgongo umefunga," akasema hatimaye. "Tazama."

Nilimwomba anionyeshe tena.

Niliporudi nilipitiliza mpaka kwa Bibi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mgongo?"

Kumbe naye alikuwa hapati usingizi. Nikampa picha ya utrasaundi, nikamweleza yale niliyokueleza wewe.

"Kwa hiyo mama yako hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu."

"Nilimwonea."

Alitaka nimwambie yamekwisha. Sikuweza, Mama, msamaha ule haukuwa wangu kuutoa. Nikasema tu, "Bibi, waliokusikia siku ile wengi wangali hai."

Jana asubuhi alinishika mkono, tukapita nyumba kwa nyumba kwa wale waliokaa mkekani. Kwenye kila mlango alisema hivyohivyo: "Nilimsingizia Mama Somoe. Hakumvunja mtoto." Wengine walikuwa wamesahau. Mmoja alilia. Waliohamia Lisekese na Chiungutwa miguu yake haiwafikii, ndiyo maana naandika barua hii wazi, ili nao wasomewe.

Mimi bado sijatulia. Daktari ameona mgongo. Mengine yote ya mtoto huyu hakuna aliyeyaona, na nikilala nayahesabu. Nadhani ndivyo nitakavyokuwa mpaka azaliwe, na baada ya hapo pia. Lakini wewe uliyeinama kwa aibu miaka yote ile, jinyooshe sasa, Mama. Wamesikia.

Binti yako,
dada yake Saidi