Upindo wa Uzi Mweusi

28 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko, na kazi inaendeleaje? Huku tu wazima. Magoti tu ndiyo yananung'unika asubuhi, nikikanyaga cherehani kidogo yananyamaza.

Kifurushi kimefika. Koti ni zuri, kitambaa kizito, asante sana. Lakini usinune nikikwambia ukweli: jeusi silipendi. Nikilivaa nitaonekana natoka msibani kila siku. Tena mikono inanifika kwenye vidole. Kwa kuwa wewe ndiye unayekaa kwenye dirisha la kurudishia bidhaa hapo dukani kwenu, nitalituma ulibadilishe kwa kitu cha kukufaa mwenyewe.

Na usikimbilie bei zilizoshushwa baada ya sikukuu. Geuza nguo ndani nje, tazama mshono, ndipo uulize bei.

Mama yako

4 Januari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini magoti yamekusamehe. Mimi sijambo, ila sauti imenikauka. Foleni ya warudishaji inafika mlangoni. Mwenye viatu anasema vinabana, kumbe amekosana na aliyempa. Hapa nimejifunza kwamba sababu ya kwanza anayoitoa mtu mara nyingi siyo yenyewe.

Jeusi? Mimi nilinunua la zambarau, nikalichagua kwa macho yangu. Basi watu wa ghala wamefunga jingine. Kama ni hivyo, lirudishe pamoja na risiti. Lakini kama tatizo ni mikono, sitaki kusikia. Fundi cherehani mzima unashindwa na mikono ya koti?

Binti yako

17 Januari

Mwanangu,

Marahaba, na pole na foleni. Sisi wazima. Koti nimemkabidhi fundi viatu, jirani yangu hapa barazani, alipeleke kwenye basi. Risiti imo mfukoni. Usihangaike kuniletea jingine.

Mama yako

22 Januari

Mama,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana leo sitaridhika na "wazima".

Koti limefika dirishani kwangu. Ni la zambarau, Mama. Ni lile lile nililonunua.

Nililigeuza ndani nje kama ulivyonifundisha. Mkono wa kushoto umepindwa kwa uzi mweusi, na mshono unayumba mpaka karibu na kifungo. Wewe uliwahi kufumua sare nzima ya mtoto wa watu kwa sababu rangi ya uzi ilipishana na ya kitambaa kidogo tu, na mwenye sare mwenyewe alikuwa hajaona.

Kanuni yetu ni kwamba nguo iliyoshonwa hairudishwi, kwa hiyo nimekukatalia. Nimegonga muhuri mwenyewe, kisha nikaenda stoo nikalia. Macho yako yana nini, na tangu lini?

Binti yako

25 Februari

Mwanangu,

Nimekaa kimya kwa hasira, nawe uzoee. Hakuna mama anayependa kukamatwa na mwanawe kama mwizi wa kuku.

Haya. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari aliniambia kabla ya sikukuu kwamba yanaweza kufanyiwa upasuaji, nikaogopa. Niliogopa kisu, na niliogopa zaidi kwamba ungeacha kazi uje kunishika mkono. Asubuhi fundi viatu ananitungia sindano za kutwa nzima. Nilimwapisha asikwambie. Nyuzi nazijua kwa mahali zilipokaa kwenye droo, na siku ile ya koti mtu alikuwa ameifungua akazichanganya, nikaufuata wa zambarau nikashika mweusi.

Ile kejeli yako kuhusu fundi mzima ndiyo iliyonikalisha kwenye cherehani. Nilitaka kukuonyesha. Nilipomaliza nikapapasa upindo, vidole vikaniambia ukweli. Kuufumua sikuweza, kwa kuwa sikuuona, nikalituma hivyo hivyo nikiomba usiligeuze.

Mwezi huu nami nimerudishiwa nguo. Mteja wangu wa sare za shule alizileta zote mezani, hakugomba hata kidogo. Afadhali angegomba. Nisipoona, mimi ni nani hapa barazani? Naogopa, mwanangu.

Mama yako

1 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo, na pole sana. Nisamehe ile kejeli.

Siachi kazi. Foleni imekwisha, nimeomba likizo yangu ya mwaka na nimepewa. Mwambie daktari tunakuja pamoja. Huko ndani sitaruhusiwa kuingia, lakini nitakaa mlangoni mpaka utoke. Koti linabaki kwangu mpaka uliombe mwenyewe.

Mwambie fundi viatu nina neno naye, kisha nitamshukuru.

Binti yako

6 Mei

Mwanangu mpenzi,

Natumaini ulifika salama na kazini hawakukununia. Mimi ni mzima, na safari hii uamini. Jicho la kulia limetulia, la kushoto zamu yake inakuja. Leo nimetunga sindano mwenyewe mara ya kwanza. Fundi viatu alikaa akinitazama kama aliyefukuzwa kazi, nikamwomba shati lake nimtilie kifungo. Kumbe ana mvi kichwa kizima, na mimi siku zote namwita kijana.

Mteja wa sare bado hajarudi. Akirudi atanikuta.

Nitumie koti langu. Nimeshanunua uzi wa zambarau. Nilitoka nao mpaka nje ya duka, nikaupima kwenye jua, muuza duka akadhani namwibia. Ule mshono nataka niufumue kwa mkono wangu, na mikono yote miwili niipunguze sawasawa.

Likifika huku, silirudishi tena.

Mama yako