Shemeji Ana Ugonjwa wa Moyo, Lakini Anapanda Miti

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla ya tarehe 14 Oktoba, maana siku hiyo natakiwa kula kiapo mahakamani na sijui nitaapa nini. Tangu nimalize kidato cha nne naandika shajara kila siku, kwa hiyo tarehe hizi sibahatishi. Mume wa dada yangu Kasilda, anaitwa Selestine, Novemba mwaka jana alimkata kwa shoka mchungaji mmoja, Ndaki, akidai ng'ombe wake wameangusha mizinga yake ya nyuki, mkono wa kulia wa Ndaki ukapooza na shemeji akafungwa miaka mitatu. Akakata rufaa, na tarehe 4 Machi mwaka huu jaji akampa dhamana wakati rufaa inasubiriwa, kwa sababu daktari aliandika kwamba moyo wake umepanuka na gerezani hawawezi kumtibu, akaamriwa asitoke mjini Mpanda na aende kliniki kila wiki mbili, nami nikasaini kuwa mdhamini wake. Nyumbani walisikia neno dhamana wakaelewa kashinda kesi, wakachinja mbuzi hapa Makanyagio, na mgonjwa akacheza ngoma mpaka shati likalowa. Kliniki hajakanyaga tangu Aprili. Tarehe 20 Juni nilisikia kapanda lori la tumbaku na baiskeli yake kwenda Inyonga, mbali nje ya mji, nikamfuata, nikamkuta juu ya mti, mita kama nane, anafunga mzinga. Nikamuuliza, "Shemeji, na moyo je?" Akacheka huko huko juu: "Moyo nimeuacha kwenye baiskeli, uangalie usiibwe!" Aliposhuka akanipa ndoo ya asali. Sasa ameniletea karatasi ya kiapo niseme hali yake imezidi kuwa mbaya, hawezi kutembea hatua ishirini, ili dhamana iendelee, na dada anasema, "Ukikataa, watoto hawa wanne utawalea wewe, na mimi usiniite dada tena." Nifanyeje?

Krispini, Makanyagio, Mpanda
22 Septemba 1996

Krispini,

Hongera kwa shajara. Miezi sita unaandika, ulikuwa unamwandikia nani? Nyuki?

Nakuonea huruma kwa ajili ya dada yako, lakini huruma yenyewe ni ndogo. Dhamana ya ugonjwa si ushindi, na wala si likizo ya kurina asali. Jaji alimtoa shemeji yako akatibiwe, basi. Gerezani wapo wanaokohoa damu, na ombi la kila mmoja wao litasomwa kwa mashaka kwa sababu ya mabingwa kama huyo wa kwenu, mwenye moyo wa kuegesha pamoja na baiskeli.

Unauliza utaapa nini, msomi mzima? Ulichokiona! Hatua ishirini hawezi, mita nane kwenda juu anaweza? Dada yako anakutisha kwa watoto. Muulize watalishwa na nani nyie wawili mkiwa ndani, mmoja kwa shoka, mwingine kwa kiapo cha uongo.

Usingoje tarehe 14. Kesho asubuhi nenda kwa karani wa mahakama na shajara yako, omba kujitoa udhamini, eleza habari ya kliniki, ya lori na ya mti. Omba mgonjwa apimwe na daktari mwingine wa serikali. Kama moyo ni mbovu kweli, karatasi mpya itasema na atatibiwa. Kama ni mzima, akasubiri rufaa yake ndani. Na usimuage kwanza. Mtu anayepanda miti namna hiyo hashindwi kuvuka mpaka. Dada mpelekee unga kila mwezi, hata akikufungia mlango. Uache kizingitini.

Halafu ile ndoo ya asali. Umeitaja haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya mkwewe. Umeilamba, sivyo? Iliyobaki mpelekee Ndaki. Ukifika, mfungulie kifuniko wewe mwenyewe. Yeye kwa mkono mmoja hataweza.