Jarit Hatakuja Bila Nyamasara

Masara, Jumatano jioni

Mama yangu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute goti limetulia, na mvua imeunyeshea mtama wako bila kuharibu dagaa wako, zile omena ulizoanika. Mimi ni mzima. Mgongo unauma kama wa kila mtu anayechimba dhahabu, lakini nakula, nalala, na Sabato naenda kanisani.

Ujumbe wako umenifikia. Kenge wanamaliza vifaranga, nawe unataka Jarit arudi Rusinga alinde boma. Hilo nimekubali, ni mbwa wa Baba na huko ni kwao. Lile la pili, kwamba paka asikanyage kwako kwa sababu paka wote ni wezi wa omena, ndilo limenifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwa simu unanikatiza.

Unakumbuka Jarit alivyokuwa tulipomzika Baba. Alilala juu ya kaburi, chakula hagusi, hata mgeni akiingia habweki. Ukanipa niondoke naye, ukasema huwezi kuzika mara mbili. Hata huku alibaki vivyo hivyo, mifupa mitupu, ananifuata machimboni kimyakimya.

Asubuhi moja, baada ya mvua kubwa, akaanza kubweka kwenye shimo la zamani lililoachwa. Nilishtuka, maana nilikuwa nimeisahau sauti yake. Chacha, Mkuria wa Kegonga ninayechimba naye, akainama kusikiliza.

"Iko paka ndani," akasema. "Lakini mimi siingii. Hii ukuta imelowa, itatuzika."

Ni kweli, hakuna mchimbaji mwenye akili anayeshuka shimo kuukuu baada ya mvua. Wengine wakasema tuache, ni paka tu. Jarit hakuacha. Kila nikimvuta anarudi kulala ukingoni, anabweka. Basi nikazitia zile omena ulizonitumia kwenye ndoo, tukaiteremsha kwa kamba. Njaa haina woga. Tulipoivuta, ndani alikuwamo kitoto cha paka, matope mpaka masikioni, anatafuna huku ananguruma. Jarit alimlamba mpaka rangi ikaonekana. Jioni hiyo alikula ugali wake wote, yule mdogo akiwa katikati ya miguu yake. Tumemwita Nyamasara, binti wa Masara.

Usidhani sikujaribu kukutii. Ulipokataa paka, nilimpeleka kwa mke wa Chacha, mwenye panya tele. Jarit akaacha kula tena, akaenda kulala mlangoni pale, nikimwita hageuki. Mwisho yule mama akaniletea paka mwenyewe, mbwa akimfuata nyuma.

"Shika mtoto ya mbwa yako," akaniambia. "Hiyo mzee itakufa kwangu, halafu niulizwe."

Kwa hiyo nimeamua, na usinune. Jumapili nakuja nao wote wawili. Nitazungushia wavu mahali unapoanika omena, na Nyamasara atakaa kwenye simba yangu, ile nyumba yangu ya ujana pale bomani. Unajua mwenyewe mila yetu: kijana akishajengewa simba yake, mama haingii humo kumfukuzia wageni. Akiiba hata omena moja, nifokee mimi. Ila ukimkataa, Jarit atabaki huku nami, na wewe na kenge mtapatana wenyewe.

Nisalimie dada yangu Akinyi, mwambie aache kukuchochea, najua ni yeye aliyekupa habari za paka. Msalimie Shangazi Risper anayekuchotea maji, na jirani yetu Mzee Okumu aliyelichimba kaburi la Baba.

Mama, najua unachoogopa si omena. Unaogopa kumwona mbwa huyu amelala tena pale kaburini. Mimi pia naogopa. Lakini Baba angekuwepo, angeuliza jambo moja tu, kama mbwa amekula.

Amekula, Mama. Wamekula sahani moja.

Mwanao asiyerudi nyuma,
Odhiambo